Fundi Mpya wa Kuchomelea Mabomba: Jinsi ya Kuongeza Kasi Bila Kurudia Kazi

Fundi anayetoka chuoni na kuanza kazi ya kuchomelea mabomba huambiwa maneno mawili kuliko mengine yote. La kwanza ni "harakisha". La pili ni "rudia". Akilitii la kwanza bila kufikiri, la pili humfikia siku hiyohiyo.

Katika Kaunti ya Nyeri na miji mingine inayouzunguka Mlima Kenya, kazi ya mabomba ipo. Viwanda vya majani chai kama Chinga, Iria-ini, Gitugi, Gathuthi na Ragati hutegemea mvuke unaotoka kwenye boila na kupita katika mabomba ya chuma hadi mahali pa kunyausha na kukaushia majani. Maji ya matumizi ya nyumbani na mashambani huteremshwa kutoka Aberdare na Mlima Kenya. Ingawa mabomba mengi mapya ya maji ni ya plastiki, ya chuma bado hutumika penye shinikizo kubwa, kwenye vivuko vya mito na barabara, na katika vituo vya pampu.

Kijana aliyefunzwa kazi hii ana soko, lakini wengi hukwama katika miezi ya kwanza. Chuoni, mwanafunzi hupewa vipande viwili vya bomba na asubuhi nzima ya kuviunganisha. Kazini, mwanakandarasi ana hesabu ya viungo vya kukamilisha kabla ya jioni. Fundi anayechelewa haitwi tena wiki inayofuata. Anayeharakisha ovyo huacha viungo vinavyovuja, naye pia haitwi tena. Makala haya yanaeleza jinsi fundi mpya anavyoweza kupata kasi ya kweli, na mambo ambayo mwajiri au mkazi anayemwita kazini anapaswa kuyajua.

Muda hupotelea wapi?

Fundi mpya hudhani kwamba mwenzake mzoefu ana mkono mwepesi. Ajabu ni kwamba, akimtazama kwa makini, ataona mkono wa mzoefu unasogea taratibu. Tofauti iko kwingine.

Chukua mfano wa kiungo kimoja cha bomba la inchi 4. Kipenyo chake cha nje ni milimita 114.3, kwa hivyo mzunguko wake ni takriban sentimita 36. Hata mshono ukipitwa mara tatu, yaani wa msingi, wa kujaza na wa juu, urefu wote ni mita moja na ziada kidogo. Tuseme fundi mpya anamaliza kiungo hicho kwa dakika 90. Akijipima kwa saa anaweza kukuta kwamba rodi iliwaka kwa dakika 25 pekee. Dakika 65 zilizobaki zilienda kwenye kukata, kusaga kingo, kutafuta nyundo, kulinganisha bomba, kubadilisha rodi, kubanjua ukoko na kurekebisha makosa.

Sasa afanye hesabu. Akiusukuma mkono uende haraka kwa sehemu moja kwa tano, ataokoa dakika 5, na huenda mshono ukaharibika. Akipunguza kwa nusu muda ambao rodi haiwaki, ataokoa zaidi ya dakika 30 na mshono utabaki vilevile. Takwimu hizi ni za mfano tu, na kila fundi atapata zake akijipima. Hata hivyo, mwelekeo ni uleule: muda mwingi hupotea wakati moto umezimwa.

Kuna hasara nyingine kubwa kuliko hiyo. Kiungo kinachokataliwa lazima kisagwe au kikatwe, kingo zitengenezwe upya, kisha kichomelewe tena. Dakika zote za mara ya kwanza zimepotea, na za pili huwa nyingi zaidi kwa kuwa bomba tayari limefungwa mahali pake. Kiungo kimoja cha kurudiwa humeza faida ya viungo kadhaa vilivyoharakishwa.

Kasi huanza kabla ya kuwasha

Kazi ya kwanza ni kukata bomba kwa mkato ulionyooka kabisa. Bomba lililokatwa upande huacha nafasi kubwa sehemu moja na kubana sehemu nyingine, na fundi hulazimika kuijaza nafasi hiyo kwa rodi. Mafundi wazoefu huzungushia bomba ukanda wenye kingo zilizonyooka, uwe wa karatasi nzito au wa mpira wa gasketi, hadi ncha zake zikutane sawasawa. Kisha huchora mstari kwa chaki na kuufuata. Kufanya hivyo huchukua muda mfupi na huokoa kusaga kwingi.

Pili ni kingo. Kwa bomba nene, kila ukingo hukatwa mshazari, kwa kawaida nyuzi 30 hadi 37.5, ili ncha mbili zikikutana zifanye umbo la V. Chini ya mshazari huachwa mdomo bapa wa milimita 1.6 hadi 3. Mdomo ukiwa mwembamba kupita kiasi, moto hutoboa. Ukiwa mnene, mshono haupenyi hadi ndani. Jambo kubwa ni ukingo kufanana mzunguko mzima. Mkono hauwezi kuzoea mwendo mmoja ikiwa kila sentimita mbili chuma kimebadilika.

Tatu ni usafi. Kutu, rangi, mafuta na matope huondolewa kwa grinda na brashi ya waya, ndani na nje, hadi chuma king'ae kwa upana wa takriban sentimita 2.5 kutoka ukingoni. Uchafu unaoachwa hugeuka gesi wakati wa kuchomelea na kuacha vitundu ndani ya mshono.

Nne ni nafasi kati ya mabomba mawili. Nafasi ya milimita 2.5 hadi 3 hutosha kwa kazi nyingi. Badala ya kukisia kwa jicho, fundi huchukua rodi ya kipimo hicho, akaubanjua unga wake wote, akakunja waya uliobaki kama herufi V na kuuweka kati ya mabomba. Nafasi hutoka sawa pande zote. Ndani ya bomba, kuta mbili nazo zinapaswa kulingana; zikipishana kwa zaidi ya milimita 1.5 hivi, mshono wa msingi utashika upande mmoja na kuacha mwingine.

Mwisho ni vishikizo, yaani mishono mifupi ya kulishika bomba lisisogee. Vinne hutosha kwa bomba la inchi 4, kimoja kila robo ya mzunguko. Ncha za kila kishikizo husagwa ziwe nyembamba ili mshono wa msingi uingie na kutoka bila kuacha uvimbe. Wanaoiruka hatua hii hukwama mara nne katika kila kiungo.

Fundi akizoea utaratibu huu kwa mpangilio mmoja kila siku, mikono huanza kujua kinachofuata kabla ya kichwa kuuliza. Hapo ndipo kasi inapoanza kuonekana.

Kila kifaa mahali pake

Kabla ya kiungo cha kwanza, fundi aliyejipanga huweka vifaa vyake karibu: nyundo ya kubanjua ukoko, brashi ya waya, grinda yenye jiwe la kusagia na nyingine yenye jiwe la kukatia kama anazo mbili, chaki, futi, pimamaji na rodi za kutosha kiungo kizima. Rodi ya kawaida ya milimita 3.2 ina urefu wa sentimita 35 na huisha kwa muda wa dakika moja au zaidi kidogo. Kiungo kimoja hutaka rodi kadhaa. Fundi anayetembea hatua kumi kufuata kila rodi hutembea siku nzima, na kila anapotembea chuma kinapoa.

Mashine nayo ina mchango wake. Waya wa stima mrefu na mwembamba hupunguza nguvu inayofika kwenye mashine, na moto huwa mdogo hata kifungo kikiwekwa juu. Klipu ya ardhi iliyobanwa juu ya kutu au rangi hufanya moto urukeruke. Fundi mpya hulaumu mkono wake kwa kosa la klipu. Dakika mbili za kusafisha mahali pa klipu zinaweza kuokoa saa nzima ya kuhangaika.

Kabla ya kugusa bomba lenyewe, moto hujaribiwa kwenye kipande cha chuma chakavu chenye unene sawa. Rodi ya E7018 ya milimita 3.2 kwa kawaida hufanya kazi kati ya takriban ampia 90 na 150, na ya milimita 2.5 kati ya 70 na 100. Kiwango kamili huandikwa kwenye pakiti, na kusoma pakiti ni sehemu ya kazi. Fundi akishapata kiwango kinachomfaa, akiandike kwenye daftari ili kesho asianze upya.

Rodi sahihi, na ukungu wa Nyeri

Rodi za E6013 ndizo nyingi katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Zinawaka kwa urahisi na zinafaa kwa mageti, madirisha na vitanda. Bomba la mvuke au la shinikizo kubwa ni jambo jingine. Kwa bomba la namna hiyo, mara nyingi maelezo ya kazi hutaka rodi inayopenya vizuri kama E6010 kwa mshono wa msingi, kisha E7018 kwa kujaza na kumalizia. E6010 hutaka mashine ya umeme wa moja kwa moja, na mashine nyingi za kienyeji hazina umeme huo. Kujua hilo kabla ya kukubali kazi humwokoa fundi aibu na humwokoa mwenye kazi gharama.

E7018 ina masharti yake. Lazima ibaki kavu. Ikitolewa kwenye pakiti iliyofungwa, huhifadhiwa katika oveni ya rodi yenye joto la takriban nyuzi 120 hadi 150 za selsiasi, na kanuni inayofuatwa sana ni kwamba isikae nje ya oveni kwa zaidi ya saa 4. Unga wake ukinyonya unyevu, hidrojeni huingia ndani ya chuma kinapoyeyuka. Matokeo yake ni vitundu, au ufa ambao unaweza kujitokeza saa nyingi baada ya fundi kulipwa na kuondoka.

Katika nyanda za juu za Nyeri, sharti hili ni zito. Kati ya Juni na Agosti, ukungu na manyunyu hugubika Othaya, Tetu na Mathira kwa siku nyingi, na asubuhi bomba lililolala nje huwa limelowa umande ndani na nje. Kuchomelea juu ya unyevu huo ni kujitafutia kurudia kazi. Fundi hupasha bomba joto kwa moto wa gesi hadi unyevu wote uondoke, kisha huanza. Upande wa Kieni, ambako hali huwa kavu na upepo huvuma, tatizo hugeuka: upepo hupeperusha moshi unaoukinga mshono, hasa kwa wanaotumia mashine za gesi. Turubai lililofungwa kwenye nguzo mbili humaliza tatizo hilo.

Chini kwanza, juu baadaye

Hakuna hali iliyo rahisi kuliko bomba lililolazwa juu ya stendi na kuzungushwa polepole huku fundi akichomelea sehemu ya juu tu. Hali iliyo ngumu ni bomba lisilosogea, lililoinama nyuzi 45, ambalo fundi lazima alizunguke. Mtihani wa hali hiyo, ambao mafundi huuita 6G, hutumiwa na waajiri wengi wakubwa kwa sababu anayeuweza huaminiwa na karibu hali zote nyingine.

Funzo la kasi liko hapa. Kila kiungo kinachoweza kuunganishwa chini, juu ya stendi, kikamilike chini. Vipande viwili au vitatu vikishaunganishwa ndipo bomba lipandishwe juu na kufungwa mahali pake. Viungo vya kuchomelewa juu ya ngazi au ndani ya mtaro hubaki vichache. Mafundi wengi wapya huanza kwa kupandisha kila kipande peke yake, na kila kiungo kinawakuta wamejikunja.

Kiungo kisichoweza kuzungushwa hugawanywa kama uso wa saa. Fundi huanza chini, penye saa sita, akapanda upande mmoja hadi juu, penye saa kumi na mbili, kisha akarudi chini na kupanda upande wa pili. Kabla ya kuwasha, hupitisha rodi isiyo na moto njia nzima ili aone kiwiko kitakwama wapi, waya utavuta wapi na atahitaji kuhama miguu lini. Kiwiko kikipata pa kuegemea, mkono hautetemeki. Anayejaribu njia kwanza hasimami katikati, na kila mahali ambapo mshono husimama ni mahali pa kusaga na ni mahali panapoweza kuvuja.

Kuna kishawishi cha kushuka badala ya kupanda, kwa kuwa mshono unaoshushwa huenda haraka sana. Kushuka si kosa mahali pake: mabomba marefu ya mafuta huchomelewa hivyo, kwa rodi maalumu na utaratibu ulioidhinishwa. Lakini kushusha rodi ya kawaida juu ya bomba nene la mvuke huacha chuma kipya kikiwa kimelala juu ya kile cha zamani bila kushikana nacho. Kwa nje mshono unang'aa. Kwa ndani haujaunganisha chochote.

Somo kutoka mabomba makubwa

Bomba la kwanza la mafuta kati ya Mombasa na Nairobi, lenye urefu wa takriban kilomita 450, lilianza kazi mwaka 1978. Bomba jipya la inchi 20 lilianza kutumika katika njia hiyo mwaka 2018. Hivi sasa Uganda na Tanzania zinajenga bomba la mafuta ghafi la inchi 24 kutoka Hoima hadi Chongoleani karibu na Tanga, umbali wa kilomita 1,443. Mabomba ya namna hii yana makumi ya maelfu ya viungo, na kila kimoja hukaguliwa.

Miradi kama hiyo haimtegemei fundi mmoja mwenye mkono wa ajabu. Kazi hugawanywa. Kikundi cha kwanza hutayarisha kingo, cha pili hulinganisha mabomba, mafundi wa mshono wa msingi hupita, nyuma yao wanakuja wa mshono wa pili wenye moto mkali, kisha wa kujaza na wa kumalizia. Kila mtu hurudia jambo moja hadi limkae mkononi.

Mafundi wawili wa Karatina au Nanyuki wanaweza kufanya hivyo kwa kiasi chao. Mmoja akichomelea, mwenzake asage kingo za kiungo kinachofuata, abanjue ukoko, apange rodi na kushika bomba lilingane. Baadaye wabadilishane. Kwa siku nzima, wawili waliogawana kazi humaliza viungo vingi kuliko wawili ambao kila mmoja anahangaika na cha kwake, na fundi mpya hupata nafasi ya kumtazama mzoefu kwa karibu.

Daftari na vipande vya chakavu

Asiyejipima hajui kama anaendelea. Daftari dogo lenye safu nne linatosha: ukubwa wa bomba na hali yake, dakika za maandalizi, dakika za kuchomelea, na kama kiungo kilipita au kilirudiwa. Baada ya wiki mbili, daftari litaonyesha penye tatizo. Kama maandalizi ndiyo marefu, suluhisho liko kwenye vifaa na mpangilio. Kama viungo vinarudiwa, fundi apunguze mwendo hadi vipite vyote, ndipo aanze kuongeza kasi kidogokidogo.

Mazoezi nayo yawe ya sehemu ndogondogo. Kuna anayepoteza muda wa kuwasha, rodi ikimganda kila mara. Huyo achukue chuma chakavu afanye mazoezi ya kuwasha na kuunganisha mshono uliokatika, bila kumaliza kiungo kizima. Mwingine anashindwa sehemu ya chini ya bomba. Huyo arudie sehemu hiyo pekee kila jioni.

Jaribio la kweli ni kukiharibu kiungo chako mwenyewe. Kata kiungo cha mazoezi vipande vyembamba kupitia mshono, kisha vikunje kwa nguvu. Mshono mzuri hukunjika bila kupasuka. Usiopenya, au wenye ukoko ulionaswa ndani, hufunguka hadharani, na fundi huona kosa lake kabla halijaonwa na mteja.

Njia za mkato zisizofaa

Muda hauokolewi kwa kuruka usalama. Mwanga wa kuchomelea huunguza macho kwa sekunde chache, na usiku mwenye macho hayo huhisi kama yamejaa mchanga. Siku mbili za kukaa gizani nyumbani ni siku mbili bila malipo. Kofia yenye kioo kinachofaa, glavu za ngozi, viatu vilivyofunika mguu na miwani ya kusagia ni vifaa vya kazi kama ilivyo mashine yenyewe.

Bomba lililopakwa zinki, ambalo hutumika sana kwa maji, lina hatari yake. Chuma huyeyuka katika takriban nyuzi 1,500 za selsiasi, ilhali zinki huchemka katika nyuzi 907. Kwa hivyo zinki hugeuka moshi mweupe kabla chuma hakijayeyuka. Anayeuvuta moshi huo anaweza kupata homa, kutetemeka na maumivu ya mwili saa chache baadaye, jioni au usiku. Mafundi wengi huamini kwamba kunywa maziwa huzuia madhara hayo. Maziwa huenda tumboni. Moshi huenda kwenye mapafu. Kinga ni kusaga zinki kwenye sehemu itakayochomelewa, kufanya kazi mahali penye hewa na kuvaa barakoa maalumu ya moshi.

Tangi au bomba lililowahi kubeba petroli, dizeli au gesi lisichomelewe na fundi asiye na utaalamu wa kuliondoa mvuke wa mafuta. Linaweza kulipuka hata likionekana tupu.

Mabomba ya mvuke na boila yana sheria. Chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, boila na vyombo vya shinikizo lazima vikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Msimamizi wa kiwanda anaweza kumsihi fundi afunge uvujaji haraka kwa sababu majani mabichi ya chai hayangoji. Yakikaa kwenye marundo hupata joto na kuharibika. Shinikizo hilo lina sababu. Hata hivyo, kiraka cha haraka kwenye bomba la mvuke kinaweza kumuunguza mfanyakazi anayepita. Fundi mpya ana haki ya kusema kwamba kazi hiyo inamhitaji mkaguzi.

Kupanda daraja

Kasi inayoambatana na viungo visivyorudiwa hufungua milango, na cheti huithibitisha. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, husimamia mitihani ya ufundi ya Serikali kuanzia daraja la III, kisha la II hadi la I. Aliyejifunza katika karakana ya jua kali bila kupitia darasani anaweza pia kufanyiwa tathmini chini ya utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini.

Kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini ni jukumu la serikali za kaunti, na ndivyo vilivyo karibu na kijana anayetaka kuanza. Anayetaka kuendelea zaidi anazo taasisi za kitaifa kama vile Nyeri National Polytechnic mjini Nyeri na Meru National Polytechnic upande wa pili wa mlima. Daftari la viungo, likiambatanishwa na barua kutoka kwa mwajiri, ni ushahidi mzuri mbele ya mwanakandarasi yeyote, awe wa mradi wa maji wa hapa nyumbani au wa mabomba ya mvuke ya Olkaria, ng'ambo ya Aberdare.

Kwa mkazi anayemwita fundi

Wasimamizi wa miradi ya maji, shule na viwanda vidogo nao wana sehemu yao. Anayemlipa fundi kwa idadi ya viungo bila kuvikagua ananunua mwendo wa mkono tu. Mambo yafuatayo husaidia:

- Kubaliana na fundi mapema kuhusu aina ya bomba, aina ya rodi na shinikizo litakalopita.
- Nunua rodi zilizofungwa vizuri na uzihifadhi mahali pakavu. Pakiti iliyokaa wazi dukani kwa miezi ni hasara.
- Tazama kingo kabla ya kuchomelewa. Zikiwa na kutu au rangi, kazi isianze.
- Tenga muda wa kujaribu bomba kabla ya kulifukia. Lijazwe maji, hewa yote itolewe, kisha lipandishwe shinikizo, mara nyingi hadi mara 1.5 ya lile la kawaida, na kila kiungo kitazamwe. Jaribio lisifanywe kwa hewa iliyoshindiliwa, kwa kuwa kiungo kikiachia hupasuka kwa nguvu kubwa.
- Lipa sehemu ya mwisho baada ya jaribio hilo, na uitimize ahadi ya malipo siku hiyo bomba likipita.

Kiungo kinachovuja chini ya ardhi hakionekani. Maji hupotea usiku kucha, kijiji cha mwisho kwenye laini hukosa, na mwezi unapoisha wanaolipa ankara hubeba gharama ya maji ambayo hakuna aliyeyanywa. Saa moja ya kujaribu bomba mtaro ukiwa wazi ni nafuu kuliko siku tatu za kuufukua.

Vijana wanaotaka kujiunga na mafunzo ya kuchomelea, au mafundi wanaotaka kufanya mtihani wa daraja, wanashauriwa kufika katika chuo cha mafunzo ya ufundi kilicho karibu nao au kuuliza katika ofisi ya msimamizi wa wadi. Wafike na kitambulisho na vyeti walivyo navyo. Walio kazini tayari waje pia na daftari la viungo.